Mkono Unaochinja

Jumatatu, 1 Septemba

Kuku 126. Broila 90, kienyeji 36. Pipa la maji lilichemka saa kumi na moja kasorobo. Rama alishika kisu saa kumi na moja na dakika kumi, akamaliza saa moja na nusu. Kuku 126 kwa Rama ninayemjua ni kazi ya saa moja na dakika arobaini na tano. Leo zimepotea dakika thelathini na tano.

Nimemuuliza kama anaumwa. Hapana, Dada. Kisu ni butu? Hapana, Dada. Basi.

Nekesa amenyonyoa vizuri isipokuwa mabawa. Kila siku mabawa. Kila siku namwambia. Kila siku anasema, "Mama, wateja hawali kwapa."

Oda ya Bi Shamsa wa Westlands imeondoka mapema, kuku 45. Hiyo peke yake ni zaidi ya theluthi ya kazi yetu. Miaka kumi na moja hapa Ngara na sijawahi kumchelewesha. Kabla ya Ngara nilianza na kuku wanne kwenye kikapu, mdogo wangu Rama akinishika mkono. Watu wanasahau. Mimi sisahau.

Alhamisi, 4 Septemba

Kuku 118. Rama bado mzito. Leo amesimama na jogoo mkononi karibu dakika nzima, midomo inacheza. Nikadhani anahesabu. Huyu huhesabu kila kitu, nilimfundisha mimi.

Jana, kama Jumatano zote za karibuni, alivua gambuti saa nane, akaoga, akavaa shati la mikono mirefu, akaondoka. Anasema anaenda Adams Arcade kuona rafiki.

Nekesa hana siri tumboni. "Mama, huyo kijana si mgonjwa. Ameshikwa. Kuna msichana mahali."

"Msichana gani?"

"Mimi najua? Lakini mwanamume haogi mara mbili kwa sababu ya kuku."

Nimecheka peke yangu jikoni. Ana miaka thelathini na mmoja. Mimi nina arobaini na mitatu, mume aliondoka zamani, mtoto sikupata. Rama ndiye mtoto. Mama alifariki akimwacha na miaka sita. Akioa, nitakuwa na mtu wa kumlaumu akichelewa kula.

Jumatano, 10 Septemba

Kuku 121. Ameondoka tena saa nane, shati la bluu. Sikuuliza. Nimefungua sanduku nikatoa leso mbili mpya nilizokuwa nimezihifadhi. Za mkwe. Nimezianika dirishani zitoke harufu ya dawa ya nondo. Mjinga ni mimi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio nisije nikachanganya.

Asubuhi bodaboda wetu hakufika. Kulikuwa na oda mpya ya kuku 40, ukumbi wa kanisa karibu na Adams Arcade, wana sherehe. Rama alisema atapeleka yeye. Nikasema wewe maliza usafi, naenda mimi. Uso wake ulibadilika. Nikaona, nikapuuza.

Mama mpishi wa pale alinipokea kreti, akaniuliza jina, halafu akafuta mikono kwenye aproni. "Wewe ndiye dada yake Rama? Bwana asifiwe! Ngoja nikusalimie na mikono miwili. Tulisema labda utakuja siku yenyewe."

Nikauliza siku gani.

"Si ya ubatizo? Jumapili ya kwanza ya Agosti. Hakukwambia? Hai, huyu kijana! Anaimba bezi vizuri, utadhani gari kubwa linapanda mlima."

Nilimshukuru. Nilihesabu kreti zangu tupu, mbili mbili, mara tatu. Nilipanda bodaboda.

Jumapili ya kwanza ya Agosti ilikuwa tarehe tatu. Jumatatu tarehe nne hadi leo, bila Jumapili, ni siku thelathini na sita. Kwa wastani wa kuku 120 kwa siku, ni kuku 4,320. Hesabu ilikuwa imekwisha kabla hatujafika mjini.

Juu ya mlango wa duka langu kuna maandishi ya kijani: HAPA ANACHINJA MWISLAMU. Niliyaandika mimi kwa brashi, nimesimama juu ya pipa la mafuta. Ndiyo maana Bi Shamsa ananunua kwangu. Ndiyo maana hata hoteli za Wakristo zinanunua kwangu, ili Mwislamu akiingia kwao ale bila kuuliza.

Nilimpata Rama nyumbani. Maswali matatu tu. Ni kweli? Ndiyo, Dada. Tangu tarehe tatu? Ndiyo. Na tarehe nne ulichinja?

Akaitikia kwa kichwa. Nikamtajia namba. Elfu nne mia tatu na ishirini.

Akasema, "Dada, nilitaka kwanza nitafute mtu wa kushika kisu, halafu nikuambie. Kila nikimpata mtu naona duka litaanguka. Nikasema wiki moja tu. Ikawa nyingine."

"Na Bismillah?"

"Nilisema. Kila kuku."

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Aliyewaumba. Simjui mwingine."

Hilo liliniuma kuliko yote. Nilimwambia atoke. Ametoka na begi moja. Hakubishana. Laiti angebishana.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeswali. Nimelia. Nimeosha mazulia yote, hata yaliyo safi.

Laiti kungekuwa na mwanamke. Mwanamke ningemtafuta, ningemtukana, ningemjua. Hii hakuna wa kumshika shati. Alikuwa anapeleka kuku upande ule, akasikia kwaya inafanya mazoezi, akakaa nje kusikiliza. Wiki ya pili akaingia ndani. Ndivyo alivyoniambia mlangoni. Mwaka na nusu uliopita! Mwaka na nusu nakula naye meza moja na simjui.

Kosa ni langu? Nilimpeleka madrasa miaka saba, mvua na jua. Sikukosa hata siku moja, ila ile ya surua.

Nina hasira. Niandike wazi. Nina hasira naye kwa sababu aliniacha nje. Dini ni moja. Kunificha ni nyingine.

Jumatatu, 15 Septemba

Sikufungua. Mara ya kwanza siku ya kazi tangu nipate chumba hiki.

Wateja wa kudumu ni saba. Nimewapigia wote. Nimesema stima imepotea na mashine ya kunyonyoa haizunguki. Simu saba, uongo saba, dakika kumi na nne.

Baada ya simu ya saba nilikaa. Rama alidanganya siku thelathini na sita ili duka lisianguke. Mimi leo nimedanganya siku moja ili duka lisianguke. Tofauti yetu ni hesabu tu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeajiri mchinjaji wa siku, anaitwa Bakari. Mwislamu, hakuna shaka, nimemuuliza mara mbili mpaka akakasirika. Kuku 80.

Ananoa kisu mbele ya kuku. Anawatupa kwenye rundo kabla hawajatulia, wa juu wanaona damu ya wa chini. Nekesa alisimama na ndoo yake akasema kwa sauti, "Huyu anachinja kama amegombana nao." Bakari akamwambia anyonyoe anyamaze.

Rama hakuwahi kufanya hivyo. Anaficha kisu nyuma ya paja. Anamfunika kuku macho kwa kiganja. Mmoja mmoja, nyuma ya pazia la gunia, mwingine asione. Maalim Idi ndiye aliyemfundisha akiwa na miaka kumi na tano, na hakuacha hata moja katika aliyofundishwa. Hata Agosti. Hata juzi. Nilikuwa nikimwona. Sijui niweke wapi jambo hili.

Alasiri nimeenda kwa Maalim Idi, msikitini, upande wa nyuma anakofundisha watoto. Nilimweleza yote. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Alimpenda sana Rama. Alikuwa akimwita Sauti.

Nikamuuliza: si tunaruhusiwa kula cha watu wa Kitabu? Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea, nakiri. Akasema hilo lina maneno yake, na aliyetoka katika dini wanazuoni hawamweki pamoja na aliyezaliwa nje yake. "Lakini acha hilo, Rukia. Wewe uliandika nini ukutani? Uliandika Mwislamu. Watu wamekula neno lako."

Walioshiba bila kujua hawana dhambi, akasema. Mimi sasa najua. Kwa hiyo niwaambie. Wote saba.

Nikasema nitafunga duka. Akaniuliza kwa nini. Nikasema Bakari hafai, Rama hawezi, nani atachinja?

"Wewe huna mikono?"

"Mimi ni mwanamke, Maalim."

"Naona. Nani alikuambia mwanamke hachinji?"

"Kila mtu."

"Kila mtu ni nani? Nitajie mmoja nimuulize alisoma wapi."

Akanihesabia kwa vidole. Mwislamu, ana akili timamu, ana kisu kikali, analitaja jina la Mungu. Hayo ndiyo masharti, akasema. Miaka arobaini na mitatu nimeishi nikijua jambo ambalo si kweli, na sikuwahi kuuliza. Kule kwetu Mumias nimeona wanawake wakizunguka kijiji kizima na kuku kwapani wakitafuta mvulana wa kuwachinjia. Mvulana wa miaka kumi na mbili! Na wao wamesimama pale na mikono yao miwili.

Nilipokuwa natoka aliniita. "Rukia. Mimi namwombea arudi. Wewe pia omba. Lakini mlango usiufunge, maana akirudi atapitia wapi?"

Jumatano, 17 Septemba

Bakari tena, kuku 85. Kichwa kinaniuma.

Usiku wa jana nilimkumbuka Kukhu. Ndivyo tulivyomwita nyanya, mzaa mama. Kukhu alikuwa Mkristo wa kanisa la kwanza kabisa pale kijijini, kitambaa cheupe kichwani, kengele ya Jumapili haikulia bila yeye. Mama alizaliwa humo. Halafu akaolewa na baba, akasilimu, akawa Mariamu. Sisi tukazaliwa Waislamu. Hiyo ndiyo hadithi ninayoijua, na siku zote niliisikia kama hadithi ya furaha.

Kila Krismasi tulienda kwa Kukhu. Jogoo alikuwa amefungwa mguu kwenye nguzo ya jikoni tangu alfajiri. Wajukuu wote wa Kikristo wana njaa, sufuria inachemka maji matupu, na hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Anangojwa baba. Tukichelewa hata saa tatu, jogoo anangoja. Baba anafika, anachinja, ndipo wote tunakula. Firigisi anapewa baba, kwa heshima, mbele ya watoto wa kiume wa Kukhu mwenyewe.

Niliona ni kawaida. Kuku hungoja Mwislamu. Sikuwahi kujiuliza Kukhu alilia siku ngapi bintiye alipobadili jina. Alimlea kama nilivyomlea Rama. Na bado alimfunga jogoo nguzoni akangoja, miaka yote ile, ili bintiye asile peke yake.

Sijui kama mimi nina moyo wa hivyo. Nadhani sina.

Alhamisi, 18 Septemba

Saa tisa Rama amekuja dukani. Amekuja na pasta wake. Nikasema moyoni sasa huyu ameniletea mahubiri. Nikachukua ufagio nipate cha kushika.

Pasta ni mzee, viatu vimechakaa, alivua kofia nje ya mlango. Alisoma maandishi ya kijani, akayasoma tena. Hakuketi mpaka nilipomwambia.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Nilimuuliza huyu mambo mengi kabla ya ubatizo. Sikumuuliza anafanya kazi gani. Ningemuuliza, ningemwambia aache kisu siku hiyo hiyo."

Nikasema kwani kwenu ni vibaya kuchinja?

"Kuchinja si vibaya. Kulisha watu kitu wanachodhani ni kingine ndiyo vibaya. Nimemwambia hawezi kuanza njia mpya kwa kudanganya majirani chakula chao."

Nilimtazama. Maneno yale yale ya Maalim Idi, ila shati tofauti. Nilitaka kumchukia na sikupata pa kuanzia. Nekesa alimletea chai bila kuambiwa, ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari. Msaliti.

Mwishoni Rama akanisogelea. Akatoa daftari dogo mfukoni, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila siku ameandika. Agosti nne, 119. Agosti tano, 124. Wa nani wangapi. Mpaka siku yake ya mwisho.

"Si elfu nne mia tatu na ishirini, Dada. Ni elfu nne mia moja themanini na saba."

Nimekosea kwa 133. Nilipigia wastani. Yeye alihesabu kila mmoja, kwa sababu alijua siku moja atadaiwa na mimi.

Nilimwambia gambuti zake ziko nyuma ya mlango, zinajaa panya. Ndilo neno pekee nililopata. Akacheka kidogo, akafuta macho kwa mkono wa shati.

Nitaenda kwa wateja Jumamosi. Amesema ataenda nami na atasema yeye mwenyewe. Nimekubali. Pasta alitaka kuja. Nikasema asante, wewe baki na viatu vyako.

Jumamosi, 20 Septemba

Wateja saba. Tumeanza saa mbili, tumemaliza saa kumi. Rama amesema maneno yale yale mara saba. Mara ya kwanza sauti ilikatika. Mara ya saba ilikuwa imenyooka.

Hoteli nne za Wakristo hazikuwa na shida sana. Mmoja alisema, "Sisi tunakula tu, lakini wateja wetu wa Ijumaa je? Asante kwa kutuambia." Mmoja kati ya wanne amekataa kuendelea, anaogopa jina. Haki yake.

Mzee wa biriani hapa Ngara alimsikiliza Rama mpaka mwisho, akashika tumbo. "Mtoto wewe! Ungeniambia mapema ningekuombea nikiwa na njaa. Sasa nakuombea na kuku wako tumboni!" Halafu akaacha kucheka, akamshika Rama shavu, akatazama pembeni. Ataendelea, akijua nani anachinja. Bwana wa vibanzi naye amekubali, mradi amwone mchinjaji kwa macho.

Bi Shamsa tulimwacha wa mwisho. Mimi ndiye niliyemwacha wa mwisho, kwa woga.

Alikuwa ofisini kwake nyuma ya jiko, Westlands, kelele za sahani. Rama akasema. Yeye hakumtazama Rama, alinitazama mimi.

"Nilimlisha mama yangu," akasema. "Ana miaka themanini. Haoni. Ananiuliza kila siku, Shamsa, hiki ni halali? Nami namwambia, mama, kimetoka kwa Rukia."

Hakuna tusi lililowahi kuniingia hivyo.

Rama akasema, "Kosa ni langu, Mama. Dada hakujua." Bi Shamsa akamjibu bila kugeuka: "Wewe nimekusikia. Toka nje." Akatoka. Mimi nikabaki nimesimama. Hakunitukana. Alisema tu kuanzia Jumatatu nisilete.

Kuku 45 kwa siku. Nimepoteza wawili kati ya saba, lakini huyu mmoja alikuwa zaidi ya theluthi.

Nje nilimkuta Rama ameegemea ukuta, rangi imemtoka. Niliwaza nimwambie ona ulichofanya. Nilikuwa na haki. Nilikuwa nimelitayarisha kabisa neno hilo. Nikamwuliza kama amekula. Hakuwa amekula tangu jana, alikuwa amefunga. Kumbe na mimi nilikuwa nimefunga. Tumefunga siku moja, kila mtu kwake, kwa ajili ya jambo moja, bila kuambizana. Magharibi ilipoingia tulinunua mihogo ya kuchoma kando ya barabara tukala tumesimama.

Jumatatu, 22 Septemba

Leo nimechinja.

Saa kumi na moja, mimi, Rama na Nekesa. Bakari nilimwambia aje saa kumi na mbili. Rama amesimama upande wangu wa kulia, amemshika kuku, mabawa kwa mkono mmoja, miguu kwa mwingine. Amenifundisha pa kuweka kidole, pa kupitisha kisu. Usibonyeze, Dada. Vuta. Mara moja. Ukisita ndipo anaumia.

Miaka yote hii nauza kuku na sikujua shingo yake ina joto kiasi gani.

Nilitaja jina la Mungu. Rama alinyamaza kabisa, akainamisha kichwa. Nikavuta. Kisu kilikuwa kikali, alikinoa yeye jana. Nekesa akapiga vigelegele mpaka jirani wa vipuri akagonga ukuta. "Mama amechinja! Mama Mchinjaji! Sasa wanaume wataolewa!"

Kuku kumi na mmoja kwa dakika arobaini. Aibu tupu. Bakari amemalizia.

Niliingia chooni nikasugua damu iliyokauka kwenye kucha. Kisha nikanawa nikarudi.

Alhamisi, 25 Septemba

Kuku 34 kwa saa moja na robo. Jana ilikuwa 22. Kwa mwendo huu Bakari ataondoka wiki mbili zijazo.

Rama bado analala kwa rafiki yake. Anakuja saa kumi na nusu, anashika kuku, anapeleka oda, anaondoka. Tunaongea kazi tu. Lakini leo alinirekebisha mguu wa kushoto kwa kunisukuma na kiatu, kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka nafasi kitandani. Nikamsukuma pia.

Nimemuuliza wamempa jina gani jipya. Amesema waliuliza, akakataa. "Hili nilipewa na wewe." Kweli. Alizaliwa mwezi wa Ramadhani, mama alikuwa amechoka, akaniambia mimi nichague. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Nimemwambia namwombea arudi. Akasema anajua. Akasema na yeye ananiombea nije. Nikasema nilijua. Basi maombi yetu yanapishana kila siku mahali fulani juu ya Ngong Road, hayasalimiani.

Bado ninaumia. Nisijidanganye. Nikisikia adhana na yeye anaendelea kuosha ndoo, kitu kinakatika ndani. Sidhani kitapona. Lakini naweza kufanya kazi nacho.

Ijumaa, 26 Septemba

Saa kumi na moja na nusu kivuli kilisimama mlangoni. Bi Shamsa. Mwenyewe. Alfajiri, buibui na viatu vya kutembelea, dereva anangoja nje.

Sikuacha kazi. Nilikuwa na kuku mkononi. Alisimama akatazama kumi na watatu, nilihesabu. Alitazama kisu nikikificha. Alimtazama Rama akimfunika kuku macho, akinyamaza ninapotaja jina.

Akaondoka bila salamu. Rama akaniambia, "Endelea, Dada, maji yanapoa."

Saa sita mpishi wake amepiga simu. Kumi kwa Jumatatu. Kumi si arobaini na tano. Kumi ni kumi. Amesema Mama anataka wachinjwe na Rukia mwenyewe, si yule Bakari. Hakusema lolote kuhusu Rama, baya wala zuri.

Nilimwambia Rama. Akaenda nyuma ya pazia la gunia akakaa huko muda. Nekesa akataka kumfuata. Nikamzuia.

Jumapili, 28 Septemba

Hakuna kazi. Nimelala mpaka saa mbili, jambo geni.

Jana nilimwambia Rama aje kula leo. Nilisema kama si kitu, nikiwa nafunga kufuli. Akauliza saa ngapi. Nikasema baada ya kanisa lako, linaisha saa ngapi? Akasema saa sita na nusu. Ndiyo mara ya kwanza nimetamka, kanisa lako.

Kuku wa leo ni kienyeji, mwenye miezi saba, nimemchinja mwenyewe hapa uani bila wa kunishikia. Nimepika na mchuzi mzito. Wali. Mboga za kunde. Chumba chake nimefagia, shuka nimebadilisha. Sitamwambia arudi. Mlango uko wazi, ataona.

Nimeswali adhuhuri. Nimemwombea, kama kawaida.

Saa saba na dakika ishirini. Pasta huyo anaongea sana.

Saa saba na dakika thelathini na tano. Nimefunika sahani. Mvuke umejaa kwenye kifuniko. Nimekaa karibu na dirisha, mtaa umetulia, jirani anaosha gari lake na redio ndogo.

Huyo. Nasikia miguu ngazini, anapanda mbili mbili.